KUJITOLEA KABLA YA KUOMBA CHUO

Hotuba ya Kamati ya Jamii kwa wanafunzi wa sekondari wanaotoka makazi ya Nakivale, iliyosomwa Ruharo, Mbarara, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Tunaishukuru Serikali ya Uganda pamoja na wenyeji wetu wa Isingiro na Mbarara. Makazi ya Nakivale yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na hata leo watu bado wanapokelewa. Tarehe hii tunayoiadhimisha nayo ina asili yake hapa Afrika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika, kabla Umoja wa Mataifa haujaifanya kuwa siku ya dunia nzima kuanzia mwaka 2001.

Tumekutana hapa Ruharo kwa sababu kilima hiki watu wa Nakivale wanakijua kwa mambo mawili. Wagonjwa wetu huletwa hapa, hasa wa macho, na wengine wenu mnasoma katika shule za mji huu. Hivyo ni mahali pazuri pa kuzungumza juu ya ugonjwa wetu na elimu yetu kwa pamoja.

Neno letu la leo ni moja: kijana amalizapo sekondari, kabla ya kujaza fomu ya chuo, aitumikie jamii kwa muda fulani, kwa hiari yake na kwa mpango. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo, na pia tutaeleza mipaka yake, kwa sababu neno hili la kujitolea limetumiwa vibaya katika makazi yetu na hatutaki kuliongezea ubaya.

MIEZI MINANE

Ninyi mlio kidato cha 6 mnaijua kalenda kuliko sisi. Mtihani wa UACE huanza mwezi Novemba na kumalizika mapema Desemba. Matokeo hutoka Februari au Machi. Vyuo vikuu vya serikali kwa kawaida hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi Agosti. Kwa hiyo tangu siku mnapoweka kalamu chini mpaka siku ya kwanza chuoni ni takriban miezi 8.

Hiyo ni hesabu ya mwanafunzi mwenye mtu wa kumlipia karo. Kwa mwanafunzi mkimbizi mara nyingi muda ni mrefu zaidi. Anaweza kufaulu vizuri masomo yake makuu, lakini kufaulu hakulipi ada ya chuo. Hungoja ufadhili mwaka wa kwanza, akakosa. Hungoja wa pili. Katika kungoja huko ndiko tunakowapoteza vijana. Mwenye akili nzuri hukaa kibandani kutwa nzima akitazama mpira, Kiingereza chake kinaanza kupungua, hisabati anaisahau, na tamaa ya kusoma inapoa. Siku tangazo la ufadhili linapotoka, hana cha kuandika kwenye fomu isipokuwa jina lake na alama alizopata zamani.

Hatumdharau kijana anayelima kibarua au kuendesha bodaboda ili nyumba ipate chakula. Huyo anafanya kazi ya heshima. Tunachosema ni kwamba wiki ina siku saba, na siku mbili kati ya hizo, zikipangwa vizuri, zinaweza kumjenga kijana na kuisaidia jamii bila kuinyima nyumba yake riziki.

NENO LENYEWE

Tuelewane kwanza juu ya maana. Katika makazi ya wakimbizi, mtu wa kujitolea amekuwa jina la aina nyingi za watu. Mkalimani anayefika kazini saa mbili asubuhi, siku tano kwa wiki, mwaka mzima, naye huitwa mtu wa kujitolea na kupewa kifuta jasho. Mwalimu msaidizi anayebeba darasa peke yake naye huitwa hivyo hivyo. Sisi tunasema kwamba huyo ni mfanyakazi, na mfanyakazi anastahili jina la mfanyakazi na malipo ya mfanyakazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Hatukuja hapa kuwatia vijana wetu katika kazi za watu wazima bila malipo.

Kujitolea tunakokusema kuna sifa nne. Mtu huingia kwa hiari yake. Saa zake ni chache na zinajulikana, kwa mfano siku mbili kwa wiki, nusu siku kila mara. Kuna tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Na kuna mtu mzima anayemwongoza, ili kijana ajifunze wakati anatumika. Kazi isiyokuwa na sifa hizo nne iiteni kwa jina lake jingine.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Kuna nchi zililifanya kwa amri, na kuna watu walilifanya kwa hiari, na inafaa mjue tofauti.

Tanzania ililifanya kwa amri. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa sharti la kupokea sehemu tu ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao, na papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka minane baadaye, Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuamua kwamba mwanafunzi amalizapo kidato cha 6 asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha alete maoni ya mahali alipofanyia kazi. Nia ilikuwa njema: msomi awajue watu atakaowatumikia. Lakini amri ina matatizo yake. Wapo waliocheleweshwa, na wasichana waliumia zaidi, kwa sababu msichana akitolewa shuleni kwa miaka miwili kumrudisha ni kazi ngumu. Utaratibu huo baadaye uliachwa.

Katika nchi hiyo hiyo na miaka hiyo hiyo kulikuwa na kampeni ya kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Jaribio la kitaifa la mwaka 1975 lilionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 39. Serikali isingeweza kuajiri walimu wa kutosha kwa kazi kubwa namna ile. Wengi wa waliofundisha chini ya miembe na katika magodauni walikuwa watu wa kujitolea, wakiwemo vijana waliokuwa wamemaliza shule ya msingi tu. Fikirini: kijana wa darasa la saba alimfundisha mzee kusoma jina lake. Ninyi mna kidato cha 4 na cha 6.

Ndugu zetu wa Rwanda nao wanao utaratibu wa urugerero, ulioanza mwaka 2013, ambapo vijana wamalizapo sekondari huitumikia jamii kabla ya kuendelea mbele.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa wakimbizi wenyewe. Katika makazi ya Kyangwali, hapa hapa Uganda, vijana wakimbizi walianzisha mwaka 2005 umoja walioupa jina la COBURWAS, kutokana na majina ya nchi za Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Hawakungoja shirika liwaite. Walilima ili kupata karo, wakafundishana, wakawafungulia watoto shule. Mmoja wa waanzilishi wake, Joseph Munyambanza, mkimbizi kutoka Kongo, baadaye alipata nafasi ya kusoma African Leadership Academy huko Afrika Kusini, kisha Westminster College nchini Marekani. Hatusemi kwamba kila anayejitolea atafika huko. Tunasema kwamba alipoulizwa amefanya nini kwa watu wake, alikuwa na jibu.

KAZI IPO, NA INAONEKANA

Sasa mtatuuliza: tujitolee wapi, tufanye nini? Tutaje kazi tatu ambazo kila mmoja wenu anaziona.

Ya kwanza ni lugha. Mama anayetoka Rubondo na mtoto wa jicho hufika hapa hospitali ya macho ya Ruharo. Yeye anasema Kinyabwisha na Kiswahili kidogo. Muuguzi anasema Kinyankore na Kiingereza. Upasuaji wa mtoto wa jicho si mrefu, lakini baada yake kuna maneno ya kufuata: usilisugue jicho, tia dawa hii mara kadhaa kwa siku, urudi tarehe fulani, ukiona maumivu makali usingoje. Maneno hayo yasipofika kwa mgonjwa, kazi ya daktari inaweza kuharibika. Hali ni hiyo hiyo katika hospitali ya rufaa ya Mbarara na katika vituo vya afya vya makazi. Wengi wenu mna lugha nne au tano vinywani: Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, na Kinyankore cha sokoni. Mali hiyo mnayo bila kununua.

Lakini ukalimani una adabu yake, na anayejitolea lazima aijue kabla hajaketi kati ya mgonjwa na daktari. Sema yote yaliyosemwa, usipunguze na usiongeze. Usijibu kwa niaba ya mgonjwa. Usiyatoe nje uliyoyasikia, hata kwa mama yako. Na kama mgonjwa ni jirani anayekuonea haya, omba mtu mwingine aitwe. Tunawaomba pia wazazi waache kuwatumia watoto wadogo kuwatafsiria habari za magonjwa yao. Mtoto wa darasa la nne hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kwamba mama yake anaumwa ugonjwa mzito.

Kazi ya pili ni madarasa. Watoto wanaofika kutoka Kongo na Burundi wamesoma kwa Kifaransa au Kirundi. Hapa wanakuta Kiingereza, na mtoto wa miaka 13 aliyekuwa darasa la sita kwao hurudishwa nyuma kukaa na wa miaka 8. Wengine huona aibu wakaacha shule. Darasa lenyewe linaweza kuwa na watoto zaidi ya 100 kwa mwalimu mmoja. Kijana aliyepita njia hiyo hiyo, akijifunza Kiingereza ukubwani, ndiye anayejua ni wapi panapokwama. Saa mbili za jioni, mara mbili kwa wiki, watoto 15 chini ya mti, kitabu kimoja na ubao mdogo: hiyo ni kazi kamili. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Tulijifunza wakati ule kwamba mtoto mwenye kaka au dada wa kumfundisha nyumbani na mtoto asiye naye hawakurudi shuleni wakiwa sawa.

Kazi ya tatu ni ujirani. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Sisi wengine tumekuwa wageni kwa miaka 10, 20 na zaidi. Wenyeji wetu wana visima vinavyotaka kusafishwa, miti inayotaka kupandwa kando ya ziwa, na watoto wanaotaka kujifunza Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wake hawatoshi. Kijana wa Nakivale aliyekulia katika Kiswahili anaweza kumsaidia mwanafunzi wa Kinyankore, naye akasaidiwa Kinyankore. Watu waliofundishana lugha hawagombani kwa urahisi juu ya maji na malisho.

FAIDA KWA MWOMBAJI WA CHUO

Tusifiche: kijana ana haki ya kuuliza kazi hii itamfaidi nini. Zipo faida tatu, nazo si ndogo.

Kwanza, kazi humsaidia kuchagua somo. Ukiwauliza wanafunzi wetu wanataka kusomea nini, wengi hujibu udaktari au uanasheria, kwa sababu ndizo kazi walizozisikia. Anayejitolea hospitalini kwa miezi mitano huona kwamba hospitali si daktari peke yake. Kuna wa maabara, wa mionzi, wa mazoezi ya viungo, wauguzi, wakunga, na matabibu wa macho ambao nchini Uganda husomea kazi hiyo Jinja. Baadhi ya kozi hizo ni fupi kuliko udaktari na gharama yake ni ndogo. Wengine huona damu siku ya kwanza na kujua kwamba hii si kazi yao. Nayo ni faida, kwa kuwa wamelijua hilo kabla ya kulipa ada. Hapa Mbarara kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichofunguliwa mwaka 1989 na kuanza na masomo ya tiba. Anayeingia pale akiwa tayari anajua jinsi mgonjwa wa kijijini anavyozungumza ana kitu ambacho hakimo kitabuni.

Pili, kazi humpa cha kusema. Nafasi za vyuo kwa wakimbizi ni chache. Mwaka 2019 UNHCR ilihesabu kwamba vijana wakimbizi walioko katika elimu ya juu duniani ni asilimia 3 tu, na lengo lililowekwa ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Ufadhili wa DAFI, unaotokana na Serikali ya Ujerumani na kubeba jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi, ulianza mwaka 1992. Shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwapeleka wanafunzi wakimbizi katika vyuo vya nchi hiyo tangu mwaka 1978. Alama za mtihani ndizo mlango wa kwanza, na asiwadanganye mtu kwamba kujitolea kutaziba alama mbaya. Lakini mbele ya wasahihishaji waombaji wengi wana alama zinazofanana. Hapo ndipo huulizwa: umefanya nini kwa jamii yako?

Sikilizeni majibu mawili. Wa kwanza anaandika: "Napenda sana kusaidia watu." Wa pili anaandika: "Kuanzia Januari hadi Juni, kila Jumanne na Alhamisi jioni, niliwafundisha watoto 15 kusoma Kiingereza. Wanne waliacha kwa sababu ya kilimo. Waliobaki 11 sasa wanasoma sentensi nzima." Wa pili hakujisifu hata kidogo, lakini anayesoma anamwamini, kwa sababu ametaja siku, idadi, na hata walioacha. Jibu kama hilo halitungwi usiku mmoja kabla ya fomu kufungwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tatu, kazi humpa shahidi. Fomu nyingi huomba jina la mtu anayekufahamu, naye awe si ndugu yako. Mkimbizi amepoteza walimu wake wa zamani. Wengine hawajulikani walipo. Mwalimu au muuguzi uliyefanya kazi chini yake ndiye anayeweza kuandika kwamba huyu hufika kwa wakati, hutunza siri, na akikosea hukubali kusahihishwa.

Kwa hiyo tunawashauri kila mmoja awe na daftari. Andika tarehe, saa ulizofanya, kazi uliyofanya, na jambo moja ulilojifunza. Mwisho wa mwezi mpe msimamizi wako atie sahihi, na kama ofisi ina muhuri, augonge. Utakapojaza fomu utakuwa na kumbukumbu yako mwenyewe mkononi, iliyoandikwa na kushuhudiwa.

MIPAKA NA TAHADHARI

Sasa tuseme na upande wa pili, maana tukinyamaza tutakuwa tumewauza.

Njaa ipo. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba kwa uhaba wa fedha limewaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda katika orodha ya kupata chakula. Katika hali hiyo, kijana ambaye ndiye tegemeo la nyumba asilaumiwe kwa kutojitolea. Alime kwanza. Kama ana nusu siku moja tu kwa wiki, nusu siku moja inatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Wakitoka shule wanangojwa na maji, kuni na watoto wadogo. Tunawaomba wazazi wagawe kazi za nyumbani kwa wavulana pia, la sivyo mpango huu utakuwa wa wavulana tu. Wasichana wajitolee wakiwa wawili wawili, mchana, mahali penye watu. Mtu yeyote akidai urafiki, picha au jambo lolote la mwili ili akupe nafasi au barua, huyo anavunja sheria. Ondoka, na umwambie mzazi, mwalimu, au ofisi ya ulinzi.

Asilipe mtu shilingi yoyote ili apewe nafasi ya kujitolea. Huduma za UNHCR ni za bure. Vilevile, kujitolea hakuingizi jina la mtu katika safari ya kupelekwa nchi ya tatu. Tunalisema wazi kwa sababu vijana wamewahi kubeba kazi kwa kuamini ahadi za namna hiyo. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Na masomo yatangulie. Aliye kidato cha 6 sasa, mwezi huu wa Juni, kazi yake ni kusoma. Muda wa kujitolea ni likizo, na ile miezi 8 baada ya mtihani.

KWA WAFANYAKAZI WA MASHIRIKA

Ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru kwa kazi mnayoifanya katika wakati ambapo fedha zimepungua na wenzenu wengi wamepunguzwa kazini. Kwa sababu hiyo hiyo tunawaomba mambo matano.

1. Msimweke mwanafunzi wa kujitolea mahali pa mfanyakazi aliyeachishwa. Kama kazi ni ya kila siku, ni ajira.

2. Kila kijana apewe karatasi inayotaja kazi yake, saa zake, msimamizi wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

3. Apewe mafunzo kabla ya kuanza, hasa juu ya kutunza siri na ulinzi wa watoto. Asishirikishwe katika kazi yenye hatari ya damu, dawa au magonjwa ya kuambukiza.

4. Akisafiri toka Nakivale kuja Mbarara kwa kazi yenu, nauli na chakula cha mchana viwe juu yenu. Kijana hana mshahara. Asitoe na nauli.

5. Akimaliza, apewe barua mara moja, wala asiombe mara tano. Barua isiwe ya maneno ya jumla. Semeni alichokifanya.

Hayo hayahitaji bajeti kubwa. La tano linahitaji karatasi moja na dakika 20.

KWA WAZAZI, NA KWENU VIJANA

Wazazi wetu, tunajua mnavyowaza: mtoto amesoma miaka 13, sasa mnamwambia afanye kazi bila malipo? Tunawaelewa. Lakini tazameni watu ambao jamii yetu inawaamini leo, wanaoitwa penye ugomvi, penye ugonjwa na penye barua ya kusomwa. Wengi walianza kuaminiwa kabla ya kulipwa. Elimu ya mtoto wenu itampa cheti. Kuaminiwa na watu atakupata kwa kuwafanyia kazi, na hicho hata akirudi nyumbani kwao siku amani itakaporudi, au akihamia nchi nyingine, atakuwa nacho.

Nanyi vijana, msituelewe vibaya. Hamna deni la kulipa kwa kuwa wakimbizi. Hamtakiwi kuthibitisha kwa mtu yeyote kwamba mnastahili kusoma. Kusoma ni haki yenu kama ya kijana mwingine yeyote. Tunawaomba mjitolee kwa sababu nyingine. Wako watoto nyuma yenu ambao wanaitazama njia mliyopita, na hakuna anayeijua njia hiyo vizuri kuliko ninyi.

Kamati itafungua daftari la majina. Kila mwanafunzi anayetaka aandike jina lake, lugha anazozijua, siku anazoweza, na kazi anayoipenda. Sisi tutazungumza na walimu wakuu, vituo vya afya na mashirika ili kila aliyeandika apate mahali na msimamizi. Wale mnaosoma hapa Mbarara semeni na viongozi wenu wa wanafunzi, ili msiachwe nyuma. Tunaanza na watakaomaliza mtihani mwaka huu, na kazi ya kwanza itaanza mwezi Januari, baada ya sikukuu kumalizika.

Tunawatakia mtihani mwema, afya, na subira. Mungu awabariki, aibariki Uganda iliyotupokea, na azirudishie amani nchi tulizozaliwa.